Njaa Mbili: Ufini na Kusini mwa Tanzania katika Mizani ya Historia

Utangulizi

Kila mara mmoja wa wachungaji wetu anaporudi kutoka masomoni Ufini, wanafunzi humwuliza maswali yale yale. Je, ni kweli kwamba mama anayetarajia kujifungua hupewa na serikali sanduku la nguo za mtoto? Ni kweli kwamba watoto hula chakula cha mchana shuleni bila wazazi kutoa senti? Ni kweli kwamba maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa? Akijibu kwamba yote ni kweli, hufuata kimya, na baada ya kimya mtu husema: "Wenzetu wamebarikiwa." Mwingine huongeza kwa sauti ya chini: "Sisi tumelaaniwa."

Maneno hayo tumeyasikia darasani, na tumeyasikia mimbarani pia. Kama yangekuwa mazungumzo ya barazani tu, tungeyaacha yapite. Lakini yakitoka vinywani mwa watu wanaoandaliwa kuihubiri Injili, yanakuwa theolojia, tena theolojia mbaya. Yanadai kwamba Mungu aligawa shibe na njaa kwa kufuata mataifa, na kwamba aliyekosa hana la kufanya isipokuwa kungoja mgawo mwingine.

Katika makala haya tunakusudia kuyajibu maneno hayo kwa njia ya historia. Hatukatai kwamba tofauti iliyopo ni kubwa. Ufini ina watu wapatao milioni 5.6, na mtoto anayezaliwa huko leo anatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 80. Tanzania ilihesabu watu milioni 61.7 katika sensa ya mwaka 2022, na matarajio ya maisha ya mtoto wetu yako pungufu kwa miaka kama 15. Pato la Mfini mmoja kwa mwaka ni zaidi ya mara 30 ya pato la Mtanzania mmoja. Hayo hayana ubishi. Tunachouliza ni hiki: tofauti hiyo imetoka wapi? Ili kupata jibu, tutaanza mahali ambapo nchi hizi mbili zilifanana, yaani katika njaa.

Njaa ya Ufini, 1866 hadi 1868

Wengi wetu hatukufundishwa kwamba Ufini ilikumbwa na njaa kuu, tena si zamani sana. Wakati huo nchi hiyo haikuwa huru. Kwa karne nyingi ilikuwa sehemu ya Uswidi, na tangu mwaka 1809 ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Watu wake wapatao milioni 1.8 walikuwa wakulima wadogo, wapangaji wa mashamba na vibarua wasio na ardhi. Mavuno ya mwaka 1866 yaliharibiwa na mvua. Mwaka 1867 majira ya kuchipua hayakufika kwa wakati. Mwezi Mei maziwa yalikuwa bado yamefunikwa na barafu, na mwanzoni mwa Septemba baridi kali iliua nafaka kabla haijakomaa.

Watu walichanganya unga na magome ya msonobari ili kupata mkate. Kisha wakaacha nyumba zao na kutembea katika theluji, jamaa nzima nzima, wakiomba chakula. Waliojaa njiani na katika nyumba za maskini waliambukizana homa, na homa ziliua wengi kuliko njaa yenyewe. Katika miaka hiyo walikufa takriban watu 150,000 zaidi ya wale ambao wangekufa katika miaka ya kawaida, yaani kama asilimia 8 ya taifa zima. Mwaka 1868 pekee, karibu watoto wachanga 4 kati ya 10 hawakufikisha umri wa mwaka mmoja.

Serikali ya ndani nayo haikuwa bila lawama. Aliyesimamia fedha, Johan Vilhelm Snellman, mmoja wa wanafikra wakuu wa taifa hilo, alichelewa kukopa kwa kuhofia kuidhoofisha sarafu changa ya nchi. Mkopo kutoka benki ya Rothschild ya Frankfurt ulipopatikana katika vuli ya mwaka 1867, bandari zilikuwa karibu kufungwa na barafu, na nafaka haikuweza kuingia ya kutosha. Wengine walipewa kazi ya kujenga reli ya kwenda St. Petersburg ili wapate posho, nao wakafa kwa maelfu kandokando ya reli hiyo.

Basi, mtu aliyepita katika vijiji vya Ufini mwaka 1868 angeweza kusema kwa urahisi kwamba taifa hilo limelaaniwa.

Njaa ya Kusini, 1905 hadi 1908

Miaka 40 hivi baadaye njaa nyingine iliangukia kusini mwa nchi yetu. Hiyo haikuletwa na baridi. Mwezi Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi, waliokuwa wakilazimishwa kulima pamba kwa faida ya wengine, waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Vilienea haraka kutoka pwani ya Kilwa hadi Ungoni. Serikali ya Wajerumani, chini ya Gavana Götzen, ilipoona kwamba risasi peke yake hazitoshi, iliamua kutumia silaha nyingine. Maghala yalichomwa, mashamba yakateketezwa, mifugo ikatwaliwa, na watu wakazuiwa kupanda.

Wahenga walisema, adui mwombee njaa. Watawala wale hawakuomba. Waliitengeneza kwa mikono yao. Hesabu kamili ya waliokufa haitapatikana kamwe. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wengi wanaona kwamba waliokufa, hasa kwa njaa na maradhi yaliyofuata, walikuwa kati ya 200,000 na 300,000. Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa Songea. Sehemu kubwa za nchi zilibaki bila watu, msitu ukarudi, mbung'o wakaongezeka, na baadaye ardhi iliyokuwa makazi ikaingizwa katika hifadhi ya wanyama ya Selous.

Tukiziweka njaa hizi mbili pamoja, tunaona zilivyofanana. Zote mbili ziliwapata wakulima maskini waliokuwa chini ya himaya za kigeni, na zote mbili ziliua sehemu kubwa ya watu kwa muda mfupi. Hata hivyo, zilipokwisha hazikuwaacha manusura mahali pamoja. Mfini aliyebaki hai alikuwa bado na sheria za nchi yake, baraza la wazee wa nchi, halmashauri ya mahali na sarafu yake. Aliweza kuuliza: tulikosea wapi? Naye aliweza kurekebisha. Mngoni au Mmatumbi aliyebaki hai alikuwa amenyang'anywa viongozi, mbegu na haki ya kuuliza. Hapo ndipo tofauti ilipoanzia. Haikuanzia katika damu wala katika baraka. Ilianza pale ambapo mmoja aliachiwa vyombo vya kujisahihisha, na mwingine akanyimwa.

Tutavitazama vyombo vitatu: kusoma, ardhi pamoja na ushirika, na ulinzi wa mama na mtoto.

Kusoma kabla ya kushiba

Jambo la kwanza linatuhusu sisi Walutheri moja kwa moja. Mikael Agricola, aliyesoma Wittenberg wakati wa Luther na Melanchthon, alitoa kitabu cha alfabeti kwa Kifini mwaka 1543 na Agano Jipya mwaka 1548. Sheria ya kanisa ya mwaka 1686, iliyotungwa wakati Ufini ilipokuwa bado chini ya Uswidi, ilitaka kila mtu, pamoja na watumishi na wanawake, ajifunze kusoma ili aijue Katekisimo. Wachungaji walizunguka vijijini kufanya mitihani iliyoitwa kinkeri. Kijiji kilikusanyika katika nyumba moja, na mmoja mmoja akasomeshwa mbele ya wote. Asiyeweza kusoma hakupata kipaimara, na asiye na kipaimara hakuruhusiwa kuoa wala kuolewa.

Hatuna haja ya kuupamba utaratibu huo. Ulikuwa na ukali, na wako wazembe waliofungwa miguu katika magogo mbele ya kanisa ili waaibike. Tena ulikuwa njia ya kuwatawala watu. Hata hivyo, matunda yake yalivuka nia ya waliouweka. Ufini ilipoingia katika njaa ya mwaka 1867, ilikuwa nchi maskini sana ambayo karibu kila mtu mzima aliweza kusoma, ingawa ni wachache waliojua kuandika. Mwaka 1866, njaa ikiwa mlangoni, ilitolewa amri ya kuanzisha shule za msingi za wananchi, na mwasisi wa shule hizo, Uno Cygnaeus, alikuwa mchungaji. Elimu ya lazima ilipata sheria mwaka 1921. Chakula cha mchana shuleni kilipitishwa mwaka 1943, katikati ya vita, na tangu mwaka 1948 kila mtoto akakipata. Kwa hiyo Wafini hawakungoja utajiri ndipo wasome. Walisoma kwanza, na utajiri ukafuata nyuma kwa umbali wa vizazi kadhaa.

Na sisi? Wakati wa sensa ya mwaka 1967, kama theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Ukoloni wa zaidi ya miaka 70 ulikuwa umetuachia urithi huo. Kilichotokea baadaye ni moja ya habari kubwa za Afrika, nasi tumeacha kuisimulia. Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 ziliwaketisha bibi na babu chini ya miembe wakiwa na kalamu mkononi. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujisomea, nao wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote. Kufikia mwaka 1986, takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima 9 kati ya 10 walijua kusoma na kuandika. Nchi maskini ilikuwa imefanya katika miaka 20 jambo ambalo kwingine lilichukua vizazi.

Lakini chombo hicho hakikutunzwa. Ukame, kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera na makosa ya sera zetu wenyewe vilitufikisha kwenye makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Ada zikarudi mashuleni na watoto wakapungua. Ada za shule za msingi ziliondolewa tena mwaka 2001, mwaka ule ule nchi ilipofutiwa sehemu kubwa ya madeni yake. Madarasa yakajaa, ila walimu na vitabu havikuongezeka kwa kasi ya watoto.

Hapa inatupasa kukiri jambo. Katika usharika mmoja wa kijijini tuliouhudumia, tuliwaita watoto wa kipaimara 27, tukamwomba kila mmoja asome fungu fupi katika Katekisimo Ndogo. Watoto 9 hawakuweza, na wote walikuwa wamefika darasa la sita au la saba. Mmoja alizitamka Amri Kumi bila kosa hata moja huku kitabu chake kikiwa wazi kwenye Sala ya Bwana. Alikuwa amekariri yote kwa kumsikiliza dada yake. Tuliwapa kipaimara wote 27. Siku ilikuwa imekwisha kutangazwa, wazazi walikuwa wamenunua nguo, na askofu alikuwa njiani. Hatukumnyima mtoto yule sakramenti, wala hatudhani ilifaa kumnyima. Kosa letu ni kwamba baada ya sikukuu hatukurudi kumfundisha kusoma.

Ardhi na ushirika

Chombo cha pili ni haki ya mkulima juu ya ardhi na mazao yake. Katika Maandiko njaa na ardhi hutembea pamoja. Katika Mwanzo 47 Wamisri, wakiwa wamebanwa na njaa, walimaliza fedha na mifugo, kisha wakatoa mashamba na nafsi zao kwa Farao. Katika Nehemia 5 maskini walilalamika kwamba wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, naye Nehemia akawaamuru wakubwa wayarudishe.

Ufini nayo ilipita hapo. Baada ya njaa wasio na ardhi walibaki wengi. Watu takriban 300,000 walihamia Amerika ya Kaskazini kati ya miaka ya 1870 na 1930. Mwaka 1906 nchi hiyo iliwapa haki ya kura watu wazima wote, wanawake wakiwa wa kwanza barani Ulaya kuipata, lakini suala la wapangaji wa mashamba liliendelea kuahirishwa. Uhuru ulipatikana Desemba 1917, na mwezi uliofuata Wafini wakaanza kuuana wao kwa wao. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1918 walikufa watu zaidi ya 36,000, maelfu yao kwa njaa na magonjwa katika kambi za wafungwa. Wachungaji wengi walisimama upande wa washindi, na wafanyakazi walilikumbuka jambo hilo kwa muda mrefu. Sheria ya kuwawezesha wapangaji kununua mashamba yao ilipitishwa mwaka ule ule, baada ya damu kumwagika. Mwaka 1922 sheria nyingine, iliyoongozwa na Kyösti Kallio, iliwawezesha wasio na ardhi kupata viwanja na mashamba.

Somo hilo walilishika. Vita vya miaka ya 1939 hadi 1944 vilipokwisha, Ufini ilipoteza sehemu ya mashariki ya nchi kwa Urusi ya Kisovieti, na watu zaidi ya 400,000 wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao. Kwa sheria ya mwaka 1945 walikatiwa ardhi kutoka kwa serikali, makampuni, parokia na wakulima wenye mashamba makubwa. Hakuna kambi ya wakimbizi iliyodumu. Mtoto mmoja wa wakimbizi hao, Martti Ahtisaari, alizaliwa Viipuri mwaka 1937. Alikuwa balozi wa nchi yake Dar es Salaam tangu mwaka 1973 hadi 1977, akashughulikia uhuru wa Namibia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, kisha akawa rais wa Ufini.

Pamoja na ardhi ulikwenda ushirika. Chama cha Pellervo kilianzishwa mwaka 1899 ili kueneza vyama vya ushirika, na mwaka 1905 ulizaliwa ushirika wa Valio wa kuuza siagi nje. Mwenye ng'ombe wawili aliweza kuuza maziwa yake katika soko moja na mwenye ng'ombe 50. Misitu pia, ambayo ndiyo mali kubwa ya nchi hiyo, ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wakulima wenyewe. Hivyo mbao na karatasi zilipopata soko, fedha ziliingia katika nyumba nyingi.

Msomaji asidhani kwamba ushirika ulikuwa mgeni kwetu. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933, na ushirika wa Bukoba ulifuata. Vyama hivyo vilijenga shule na kusomesha watoto. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulitangaza kwamba ardhi na kazi ndio msingi wa maendeleo, na tulisema kweli. Lakini katika miaka ya 1970 mamilioni walihamishiwa vijijini, wengi wao kwa nguvu, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mashirika ya serikali yakachukua nafasi yao. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, ila imani ya mkulima haikurudi kwa sheria. Tulikuwa na chombo kizuri, nasi tulikivunja wenyewe kwa nia njema.

Haki inatutaka tuseme pia upande wa pili wa mizani. Ufini, yenye lugha kuu mbili na kanisa moja kubwa, ilipigana vita vya ndugu kwa ndugu. Tanzania Bara, yenye makabila zaidi ya 120, Wakristo na Waislamu, haijapigana vita vya namna hiyo tangu uhuru wa mwaka 1961. Lugha ya Kiswahili na siasa ya kukataa ukabila ni mali ambayo haionekani katika hesabu za pato la taifa. Mfini aliyezikwa mwaka 1918 angetuonea wivu.

Mama na mtoto

Chombo cha tatu kinapimika vizuri zaidi kuliko vyote. Karibu mwaka 1910 nchini Ufini, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, takriban 118 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Daktari Arvo Ylppö na wenzake walianzisha kliniki ya kupima watoto Helsinki mwaka 1922. Sheria ya mwaka 1937 ilianzisha msaada wa uzazi kwa mama maskini, na tangu mwaka 1949 kila mama alistahili lile sanduku linalowashangaza wanafunzi wetu, kwa sharti moja: afike kliniki kabla ya mwezi wa nne wa mimba kwisha. Basi sanduku halikuwa zawadi tu. Lilikuwa njia ya kumfikisha mama kwa mkunga. Mwaka 1944 kila wilaya ililazimishwa kwa sheria kuwa na kliniki ya mama na mtoto, nchi ikiwa imechoshwa na vita na kukabiliwa na fidia ya kuilipa Urusi ya Kisovieti, iliyomalizika mwaka 1952. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 vifo hivyo vilishuka hadi karibu 35 kwa kila 1,000. Leo ni kama 2.

Sasa tuangalie hesabu yetu. Sensa ya Tanzania ya mwaka 1988 ilikadiria vifo 115 kwa kila watoto wachanga 1,000, karibu sawa na Ufini ya mwaka 1910. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 33, karibu sawa na Ufini ya miaka ya mwanzo ya 1950. Safari iliyowachukua Wafini zaidi ya miaka 40, sisi tumeisafiri kwa miaka 34, tena tukiwa na kipato kidogo, gonjwa la UKIMWI likiwa kati yetu, na idadi ya watu ikipanda kutoka milioni 12.3 mwaka 1967 hadi milioni 61.7. Kazi hiyo ilifanywa na wauguzi, wakunga, chanjo na vyandarua, na hospitali za makanisa zina sehemu yake.

Taifa lililolaaniwa halifanyi hivyo. Lakini tusijipongeze mno. Vifo 33 katika kila watoto 1,000 ni makaburi madogo mengi mno, nasi wachungaji ndio tunaosimama kandokando yake.

Mikono iliyokutana

Nchi hizi mbili hazikukaa mbalimbali. Chama cha misioni cha Ufini kiliwatuma wamisionari wake wa kwanza kwenda Ovambo, katika Namibia ya leo, mwaka 1868, mwaka ule ule wa vifo vingi. Tangu mwaka 1948 Wafini walifanya kazi katika nchi yetu pia. Baada ya uhuru nchi za Nordiki kwa pamoja zilijenga kituo cha elimu Kibaha, kilichoanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Na katika miaka ya 1970 Ufini iligharimia miradi mikubwa ya maji Mtwara na Lindi, katika nchi ile ile iliyoteketezwa mwaka 1905.

Visima vilichimbwa, mabomba yakalazwa, watu wakanywa maji safi. Baadaye, kama ilivyokuwa katika miradi mingi ya miaka ile, pampu zilipoharibika hapakuwa na vipuri, dizeli ikakosekana, na mahali pengi wanawake wakarudi mtoni. Hatulitaji jambo hili ili kuwalaumu waliosaidia. Tunalitaja kwa sababu linathibitisha hoja yetu. Pampu ni kitu. Chombo cha kujisahihisha ni kijiji kinachoweza kusoma maelekezo ya pampu, kukusanya fedha za kipuri, kutunza hesabu, na kumwondoa mweka hazina aliyezila. Cha kwanza mtu anaweza kupewa na rafiki. Cha pili hakuna rafiki anayeweza kukileta kwa meli.

Hitimisho

Tumeona kwamba umbali kati ya Ufini na Tanzania ni umbali wa kihistoria. Unahesabika kwa miaka, kwa sheria, kwa dhuluma na kwa makosa, na kwa hiyo unaweza kupunguzwa. Mwaka 1868 Ufini ilizika watoto wake kama tulivyozika wetu. Iliinuka kwa sababu watu wake walijua kusoma, wakapata ardhi, na wakawa na mahali pa kuwauliza viongozi wao kwa nini nafaka ilichelewa. Sisi tulinyang'anywa vyombo hivyo na wageni, tukavitengeneza upya kwa haraka ya ajabu, kisha vingine tukaviacha vikashika kutu. Anayesema tumelaaniwa anawafuta kwa neno moja wale bibi waliojifunza kusoma chini ya miembe.

Kwa kanisa swali si kubwa kama linavyoonekana. Hatuna mamlaka juu ya bajeti ya nchi, lakini tunao watoto wa kipaimara kila Jumamosi, karibu katika kila usharika, kwa miaka miwili. Tunapendekeza kwamba kila mwanafunzi wa chuo hiki anayekwenda mafunzo ya usharikani apewe kazi moja zaidi: mwezi wa kwanza wa kipaimara, amsikilize kila mtoto akisoma fungu ambalo hajalikariri, kwa faragha, bila kumwaibisha. Aandike majina ya wasioweza. Kisha awafundishe, yeye au mwinjilisti au mwalimu mstaafu wa usharika, hadi waweze.

Kijana yule wa Amri Kumi sasa ni mtu mzima. Tulikutana naye mwaka jana sokoni, akatuamkia kwa heshima, akatutolea karatasi ya mkopo wa pembejeo aliyotakiwa kutia saini, akaomba tumsomee.